Rafiki wa Dawati Moja Akiwa Ng'ambo

Kwa watu wa Magara, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, neno ng'ambo lina maana ya karibu. Ng'ambo ni ile milima ya Kongo ionekanayo upande wa pili wa maji asubuhi isiyo na ukungu. Wavuvi wanaijua, wachuuzi wanaijua, na wako wenye ndugu huko. Lakini tangu Desemba 2007, vijana wa Burundi waliovaa sare za jeshi wamekuwa wakipelekwa ng'ambo nyingine, isiyoonekana kutoka kilima chochote cha nchi yao: kwanza Somalia, baadaye Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na aghalabu kila mmoja wao huacha nyumbani mtu aliyesoma naye darasa moja, ambaye husimulia habari zake kwa fahari kuliko anavyosimulia habari zake mwenyewe.

Fahari hiyo si jambo baya. Mtu asiyeweza kumwonea mwenzake fahari ana maradhi ya moyo. Hata hivyo, yafaa kuuliza: fahari hiyo yamfaa nini askari mwenyewe? Yawafaa nini mama yake, mkewe na watoto wake? Iko sifa ijengayo na iko sifa ibomoayo, na zote mbili huweza kutoka katika kinywa kimoja, kwa nia ile ile njema.

WALIOKAA DAWATI MOJA

Warundi wengi waliofikia umri wa miaka 30 na zaidi sasa walianza shule katika miaka ya vita vilivyozuka Oktoba 1993. Palikuwa na majira ambapo shule zilifungwa na kufunguliwa, walimu wakahama, na madawati yakabaki matupu pasipo mtu kueleza waliokalia wamekwenda wapi. Waliobahatika kuendelea walikutana na mtihani wa taifa wa darasa la sita, ambao Warundi waliuita konkuru. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto. Siku moja ya matokeo ilitosha kuwatenganisha marafiki waliokuwa wakishirikiana peni moja.

Mathalani, wachukuliwe wavulana wawili wa pwani hiyo. Mmoja akapata cheti cha ualimu akarudi kufundisha karibu na nyumbani. Wa pili akaingia jeshini. Mwalimu huyo anayajua mambo ya askari ambayo hayamo katika jalada lolote la makao makuu. Anajua kwamba mwenzake aliogopa radi. Anajua kwamba aliazima rula na kuirudisha siku ile ile. Anajua kwamba siku mtoto mwingine alipokuja shuleni bila kula, ni yeye aliyekata muhogo wake vipande viwili bila kusema neno. Maarifa hayo ni amana. Jinsi yanavyotumiwa ndiyo tofauti kati ya rafiki na mpiga domo.

Wala si wavulana peke yao. Jeshi la Burundi limewapeleka ng'ambo wanawake pia, na wako waliokuwa wakikaa dawati la mbele na kufuta ubao kabla mwalimu hajaingia. Yatakayosemwa hapa juu ya mke wa askari yamhusu vile vile mume aliyebaki na watoto wakati mkewe yuko kambini.

KAZI YENYEWE

Anayetaka kumsifu askari hana budi kwanza kujua ni kazi gani aliyokwenda kuifanya. Mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, pamoja na mapatano yaliyofuata na makundi yenye silaha, ulifungua njia ya kuundwa kwa jeshi jipya la Burundi. Humo waliingizwa askari wa jeshi la zamani pamoja na wapiganaji waliotoka msituni. Katiba ya 2005 ikaweka kwamba kabila moja lisizidi nusu ya watu katika vikosi vya ulinzi na usalama. Kwa maneno mengine, watu waliokuwa wakiviziana katika vilima vya nchi moja waliamriwa kulala katika hema moja na kulindana usiku.

Wakati huo Burundi yenyewe ililindwa na wageni. Mwaka 2003 walifika askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ukaipokea kazi hiyo na kuiendesha hadi mwisho wa 2006. Haukupita hata mwaka mzima, Desemba 2007, kikosi cha kwanza cha Burundi kikatua Mogadishu.

Hapo ndipo penye kiini cha sifa. Mtoto aliyewaona askari wa mataifa mengine wakilinda barabara za kwao, asijue lugha yao wala majina yao, alikua akaenda kuwa mgeni wa namna ile ile katika barabara za watu wengine. Deni alilopewa utotoni alikwenda kulilipa kwa watu ambao hawakumkopesha. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wake jambo hilo, amemsifu mwenzake kuliko akiwaonyesha picha 10 za bunduki.

Kazi hiyo haikuwa ya gwaride. Waganda walikuwa wametangulia kufika Machi 2007, na kwa karibu miaka 4 ni mataifa hayo mawili, Uganda na Burundi, yaliyobeba mzigo wa jeshi la Umoja wa Afrika mjini Mogadishu. Tarehe 22 Februari 2009 kambi ya Warundi ilishambuliwa na wapiganaji wa kujilipua, askari 11 wakafa. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo magari yaliyojazwa mabomu yaliingia katika makao makuu ya ujumbe huo. Miongoni mwa waliokufa alikuwa naibu kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza wa Burundi. Agosti 2011 Al-Shabaab waliondoka katika sehemu kubwa ya mji, na miezi miwili baadaye Warundi walipata hasara kubwa katika mapigano ya Dayniile, pembezoni mwake. Tarehe 26 Juni 2015 kambi yao ya Leego ilivamiwa, na makumi ya askari wakapoteza maisha. Kuna wakati Burundi ilikuwa na askari zaidi ya 5,000 nchini Somalia kwa mara moja. Ujumbe mpya wa Umoja wa Afrika ulipoanza Januari 2025, Burundi haikuwa tena miongoni mwa nchi zenye majeshi humo. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, askari wake wamekuwa chini ya Umoja wa Mataifa tangu 2014.

Haifai pia kuficha kwamba wako waliotuhumiwa kuiaibisha sare. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulichunguza tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya baadhi ya askari wa Burundi na wa Gabon katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa hiyo sifa haipewi kitambaa. Hupewa mtu kwa mwenendo wake. Aliyemjua mwenzake tangu rula na muhogo ana sababu ya kumwamini, na ana haki ya kumkumbusha asiwe mwingine akiwa mbali na macho ya kwao.

SIFA INAYODHURU

Sifa ya kwanza inayodhuru ni ile ya fedha. Askari akiondoka tu, kijiji kizima huanza kumhesabia. Husemwa kwamba sasa anavuna dola, kwamba atanunua shamba la michikichi Rumonge, kwamba atarudi na gari. Ukweli ni mwembamba kuliko maneno hayo. Katika ujumbe wa Somalia kiwango kilichopangwa kwa kila askari kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, lakini serikali zilizopeleka majeshi zilikata sehemu kabla fedha hazijamfikia mwenyewe. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukizilipia posho hizo, ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20. Mwaka huo huo, kwa sababu ya mzozo kati ya Umoja huo na serikali ya Burundi, malipo ya askari wa Burundi yalikwama kwa miezi mingi, mpaka mapatano yalipopatikana mwanzoni mwa 2017.

Katika miezi kama hiyo, mke wa askari huwa katika hali ngumu kuliko jirani yake mvuvi. Mvuvi akikosa ndagala siku za mbalamwezi, kila mtu anaiona mbalamwezi na kumwelewa. Mke wa askari akikosa, hakuna anayeamini. Mwenye duka humkopesha kwa sababu mumewe yuko ng'ambo, kisha humdai kwa ukali kwa sababu hiyo hiyo. Rafiki wa shule anayepita sokoni akimwita mwenzake tajiri anazidisha deni la nyumba ile bila kujua. Na rafiki anayemwandikia askari kumwomba simu, viatu au mtaji, akianza na sifa nyingi, amempelekea mzigo ndani ya bahasha ya salamu.

Sifa ya pili inayodhuru ni ile inayowavuta watoto watoke darasani. Kijana wa miaka 15 akisikia kila jioni kwamba fulani aliacha vitabu akashika bunduki na sasa ni mtu, hulitazama dawati lake kwa dharau. Mwenzi wa shule ndiye shahidi anayefaa kusahihisha. Yeye ndiye aliyemwona askari huyo akikesha na daftari kwenye mwanga wa koroboi. Aseme wazi: askari awezaye kusoma ramani, kuandika taarifa na kusikilizana na watu wa mataifa mengine hakuyapata hayo porini. Kiswahili chenyewe, ambacho watoto wa pwani ya Rumonge hukipata mapema sokoni na mialoni, ni lugha ambayo Mrundi aweza kuzungumza na askari wa Kenya au wa Uganda bila mkalimani.

SIKU YA HABARI MBAYA

Alfajiri ya tarehe 2 Mei 2022, katika siku za Idi el-Fitri, Al-Shabaab waliishambulia kambi ya Warundi huko El Baraf, Somalia. Jeshi la Burundi lilitangaza kwamba askari 10 wameuawa, 25 wamejeruhiwa na 5 hawajulikani walipo. Washambuliaji walitangaza hesabu kubwa mno kuliko hiyo, na picha zikaanza kuenea katika simu za mkononi. Katika nyumba za askari, watu hawakuwa wakingoja hesabu. Walikuwa wakingoja jina moja.

Siku kama hiyo ndiyo inayompima rafiki wa shule. Yeye ana simu, ana marafiki Bujumbura, na huenda akapata fununu kabla ya mke na mama. Ulimi utamwasha. Atataka kuonekana kwamba ndiye anayejua, au kwa huruma tu atataka kukimbia kupeleka alichosikia. Hapo yafaa ajizuie kwa nguvu zake zote. Jeshi lina njia yake ya kuwafikishia jamaa habari za kifo au jeraha. Njia hiyo yaweza kukawia, na kukawia huko huumiza. Lakini jina lililotajwa kimakosa huumiza zaidi, kwa maana mama aliyekwisha kulia kwa mwanawe aliye hai haponi upesi, na mama aliyeambiwa mwanawe yu salama kumbe amekufa hazikwi mara moja bali mara mbili.

Basi afanye nini? Kwanza, asipeleke mbele picha wala sauti yoyote iliyomfikia. Maiti wa mtu si habari ya kupitishwa. Huenda mtoto wa darasa la tano akaiona picha hiyo katika simu ya mwenzake na kuitambua saa ya baba yake. Pili, aende kwenye nyumba hiyo, lakini asiende na habari. Aende na mtu mzima anayeheshimiwa, au na mkewe, akae. Akiulizwa, ajibu kweli: "Mama, habari nimezisikia kama ulivyozisikia. Jina la mtoto wetu sijalisikia kwa mtu mwenye kujua. Tutangoja pamoja." Neno "pamoja" hapo lina kazi kuliko faraja 20 za kubuni. Tatu, atazame mambo ya nyumba ambayo hakuna atakayeyakumbuka: maji yamo mtungini? Watoto wamekula? Nani atawapeleka shule kesho, na mwalimu wao ameambiwa ili asiwaadhibu wakikosa kujibu?

Habari ya kweli ikifika, na ikiwa ndiyo ile iliyoogopwa, rafiki asianze kusema juu ya ushujaa siku hiyo. Ushujaa una siku yake. Siku ya kwanza ni ya kuchota maji na kupokea wageni.

NYUMBA ALIYOIACHA

Siku za habari mbaya ni chache. Siku za kawaida ni nyingi, na ndizo zinazomchosha mke. Zamu ya ng'ambo huchukua kama mwaka, na mara nyingine huongezeka. Katika muda huo paa huvuja, mtoto huugua malaria, shemeji huja kudai kipande cha shamba. Barabara ya ziwani nayo hukatwa na mvua au maporomoko ya udongo, na bei ya kila kitu ikapanda.

Rafiki mwema husaidia, lakini husaidia kwa adabu. Haendi peke yake jioni kwa mke wa mwenzake, hata kama nia yake ni safi kama maji ya ziwa. Huenda mchana, hukaa barazani, huenda na mkewe, na hubisha hodi kwanza kwa mama mzaa askari ikiwa anaishi karibu. "Shemeji, mama watoto amekuja kukusaidia kukoboa, nami nimekuja kuitazama ile bati." Msaada wa namna hiyo haumpi jirani la kusema, na humwachia askari usingizi. Askari aliye kambini aweza kustahimili njaa na joto, lakini uvumi juu ya nyumba yake humla kwa ndani, na mtu anayeliwa kwa ndani hulinda vibaya.

Barua au salamu za simu nazo zina adabu zake. Rafiki asimwandikie askari orodha ya ugomvi wa ukoo ambao hana uwezo wa kuuamua akiwa mbali. Wala asimfiche jambo kubwa, kama ugonjwa mzito wa mama yake, kwa kisingizio cha kumpumzisha, kwa kuwa atalijua kwa mwingine na hatamwamini tena mtu yeyote. Afadhali amwandikie mambo madogo ya kweli: kwamba mukeke umepatikana kwa wingi juma lile, kwamba mti waliokuwa wakicheza chini yake ungali umesimama, kwamba mtoto wake wa pili amejua kugawanya. Mtu aliye mbali hashibi kwa maneno makubwa. Hushiba kwa kujua kwamba nyumbani pangali nyumbani.

ATAKAPORUDI

Askari akirudi, kijiji hutaka simulizi. Vijana humzunguka na kumwuliza ameua wangapi. Rafiki wa shule ndiye wa kuwanyamazisha. Swali hilo halina jibu linalomfaa mwanadamu kulitoa mbele ya chupa za soda. Akitaka kusema, atasema siku yake, na pengine ataanza mambo ya mwisho kabla ya yale ya kwanza. Asikatizwe.

Rafiki atazame pia mabadiliko ambayo mke huyaona akaogopa kuyataja. Mwenzake halali? Anashtuka pipa la mawese likianguka? Anakaa daima akiutazama mlango? Amekuwa mkali kwa watoto, au amezidisha pombe? Hapa ndipo amana ya utotoni inapofaa. Mwalimu aliyejua kwamba mwenzake aliogopa radi tangu darasa la pili hatashangaa akimwona anajikunyata dhoruba ya ziwa inaponguruma. Lakini akiona hofu mpya ambayo haikuwapo, ataweza kusema kwa upole: "Ndugu yangu, hili hukuwa nalo. Twende kwa daktari, nitakusindikiza." Maradhi ya aina hiyo si woga wala si kurogwa. Ni jeraha, na majeraha hutibiwa.

Na yule asiyerudi ameacha watoto. Hao watakua wakimjua baba yao kwa picha moja ukutani, yenye sare na kofia, na kwa karatasi za madai ambazo mama yao atazipeleka ofisi moja hadi nyingine. Yafaa rafiki amsaidie mjane kuziandika karatasi hizo, kuzitunza mahali pakavu na kumsindikiza mjini, maana mwenye kujua kalamu asipoitumia kwa mjane wa mwenzake, alisoma kwa ajili gani? Kisha, jioni yenye nafasi, awakalishe watoto hao na kuwaeleza yale ambayo serikali haiwezi kuwaeleza: kwamba baba yao alikuwa mtoto kama wao, aliyeogopa radi, aliyerudisha rula ya watu, na aliyekata muhogo wake vipande viwili akampa mwenzake kile kikubwa.